Desibeli Tisa

Godoro nimelisimamisha dirishani
kuwazuia mbwa wa mlima huu,
na gari la mitungi ya gesi, ambalo Valparaíso nzima
hulijua kwa chuma kinachogonga chuma
saa nne asubuhi, bila huruma kwa mtu anayerekodi.

Kwenye skrini dada zangu wamelala sambamba.
Hortensia juu, rangi ya chungwa, mawimbi manene
yanayogota darini: taa nyekundu, nyekundu tena.
Ndivyo alivyo. Hata chumvi huiomba kwa kelele.
Namshusha nne. Namshusha moja zaidi.
Masikio yangu yanashukuru.

Mimi niko katikati, sina la kujisemea
ila nimevuta pumzi kama ng'ombe kabla ya kiitikio.
Naikata: wimbo unakuwa wa mtu asiye na mapafu.
Nairudisha, nusu.

Na chini kabisa, Rosaura,
kitindamimba wetu, uzi mwembamba
ambao ungedhani ni mkwaruzo kwenye kioo.
Ameituma kwa simu kutoka Punta Arenas
na maneno mawili: Samahani. Nimejaribu.
Utotoni mezani tulimwambia, meza kwanza ndipo useme,
na alipomaliza kumeza
sisi tulikwisha hamia habari nyingine.

Nakipandisha kipande chake.
Desibeli tatu: mtu anaimba nyuma ya mlango.
Sita: mlango uko wazi kidogo.
Tisa:

hakuna aliyenionya, siku nilipopakua programu hii ya bure,
kwamba sauti haipandi peke yake.
Ukimpandisha mtu unaipandisha na nyumba yake,
friji yake, kijiko kikombeni,
upepo wa kusini unaolitikisa bati,
na katika ubeti wa pili, sekunde ya hamsini na moja,
mwanamume.

Bado tu?

Hapigi kelele. Anauliza
kama mtu anayeuliza saa.
Na Rosaura, ambaye mstari wake haujaisha,
anaumalizia mbio mbio, kama anayefuta meza
mgeni akiwa mlangoni.

Narudia. Naongeza mbili.
Bado tu? Zima hicho.

Najua la kufanya, ni kazi ya dakika moja.
Nukta nne kwenye mstari, za katikati nazivuta chini,
bonde dogo linafunguka, yule bwana anatumbukia humo,
na Jumapili mama, akipuliza mishumaa themanini,
hatamsikia. Safi kabisa.
Ila silabi ya mwisho ya dada yangu
imezama pamoja naye.

Natendua.
Navuta tena, kwa uangalifu, kama anayetoa mwiba.
Natendua.

Kimya kingi kina mshindo, tunajua sote, tunasema tu.
Miaka kumi na moja nilidhani ni umbali,
ni simu yake mbovu, ni ule upepo.
Krismasi aliposema nusu ya jambo akaishia hapo,
Hortensia akacheka, mimi nikampitishia mkate.

Kahawa imepoa. Naivua hedifoni,
na chumba kinarudi na ukubwa wake wa kawaida.
Nampigia.

«Edelmira? Kipande changu kina kosa?»
«Hapana.»
«Niko chini sana, najua. Naweza kurudia
akishatoka.»

Akishatoka.
Friji ileile inavuma nyuma yake,
sasa naitambua kama ninavyomtambua jirani.
«Usirudie,» nasema. «Sikupigii kwa ajili ya wimbo.»
Kijiko kikombeni. Kinasimama.
Anavuta pumzi, na hii siikati,
na ndipo gari la gesi linapochomoza kwenye kona,
chuma kwa chuma, kwa chuma,
nami nalitukana kwa matusi ya marehemu baba yote niyajuayo,
najifungia kabatini kati ya makoti,
simu nimeibana sikioni hadi linauma:

«Sema. Polepole hivyo hivyo. Sema.»