Utajiju

Jina si langu. Nilimkuta nalo.
Nyamumwi, jirani wa mlango wa bluu,
alipata uhamisho kwenda zahanati ya Ukara,
akaniachia kamba, bakuli la bati
na maneno mawili: "Siku tatu."
Leo mwezi wa nne unakatika.

Nikimwita jioni hapa Bugarika,
"Utajiju! Njoo hapa, Utajiju!"
walioko kwenye mawe ya juu wanageuka.
Muuza vitumbua ananiuliza nani kanikosea.
Mbwa peke yake haoni tusi,
anashuka jiwe kwa jiwe, sikio moja pungufu,
mkia ukimfagilia kila mtu.

Chini ya kitanda nina maboksi sita.
Nakala mia tatu, toa kumi na tisa:
kumi na mbili niliuza, saba zilienda kwa ndugu
waliosema "nitakurushia kwenye simu."
Mchapaji wa mtaa wa Rufiji alitaka fedha yote
kabla hajaniruhusu hata kunusa wino.
Tangu hapo nahesabu maisha kwa vitabu.
Kodi ya chumba, vitabu kumi.
Dagaa wa mbwa, kitabu kwa wiki,
na kurasa chache za unga wa muhogo.

Zamani saa kumi na moja alfajiri ilikuwa yangu,
sentensi zilikuja zenyewe, hazijanawa uso.
Sasa ni saa yake. Anakwaruza mlango,
nami naacha kitenzi hakijapata mtendwa,
natoka na kanga, kiatu kimoja sikioni,
namfuata hadi pale ziwa linapoonekana
la kijivu, halina haraka na mtu.
Ananusa kila jiwe, anarudi, ananusa tena,
kama yule mhariri niliyeshindwa kumlipa.

Jumanne hakula.
Mkojo ulitoka mwekundu kama rozela.
Nikaazima toroli la Masalu wa maji,
tukateremka hivyo hadi Mabatini,
watoto nyuma yetu wakiimba jina lake,
au wakinitukana, sikujua.

Dokta Ndaki alimfunua mdomo.
Fizi zilikuwa nyeupe, karatasi ambayo haijaguswa.
"Homa ya kupe. Sindano mbili. Elfu thelathini na tano."
"Vitabu vitano," nikasema, kwa sauti, bila kukusudia.
"Vitabu gani?"
Mkoba wangu hauna poda, una riwaya.
Nikavipanga mezani, kati ya pamba na chupa,
na kwa mara ya kwanza nikauza
bila kueleza kinahusu nini.

Wiki iliyofuata, sindano ya pili,
kitabu kilikuwa kimelala kifudifudi mezani.
Nikangoja sifa. Mwandishi, hata akiwa amekumbatia mgonjwa,
hungoja sifa.
"Sura ya tisa," akasema, akivuta dawa kwenye bomba.
"Mbwa wako wa kitabuni anapata kichaa asubuhi,
mchana anaanguka kama gunia. Hapana.
Kwanza sauti yake inabadilika.
Halafu hawezi kumeza, taya linalegea,
anamtazama bwana wake
kana kwamba bwana ndiye aliyebadilika.
Umemuua upesi kwa sababu hukumjua."
"Na vile vinne?"
"Kimoja kachukua mke wangu, harudishi.
Vitatu vinazuia mlango. Upepo wa huku, dada."

Usiku umeme umekatika.
Naandika upya sura ya tisa kwa tochi ya simu,
kwa ajili ya toleo la pili
ambalo halina mnunuzi wala mchapaji.
Utajiju amelala, kidevu juu ya boksi la nne,
boksi limebonyea, nalo litauzwa hivyo hivyo.

Simu ikaita. Nyamumwi.
Akauliza kama mbwa yupo, kama anakula.
Nikasema yupo, anakula.
Akasema huko Ukara kuna upepo.
Hakusema lini atamfuata,
nami sikumkumbusha zile siku tatu.

Nikarudi kwenye karatasi.
Ukurasa wa tano wa kifo chake huu,
na bado anameza.