Ngeli

Chumba cha chini, makumbusho, Dundee.
Novemba, saa kumi jioni, na giza limeshakaa
juu ya mto Tay kama mgeni asiyesubiri kukaribishwa.
Kazi yangu: kufungua chupa,
kumwaga spiriti iliyogeuka rangi ya chai,
kutia mpya, kufunga, kuandika tarehe.
Harufu hainitoki vidoleni hata nikikanda unga.
Korogwe nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, darasa la sita,
miaka kumi na mmoja.

Bi Elspeth Rennie, bega moja limepanda kuliko jingine,
ananipa lenzi.
"Usianze na jina," anasema. "Anza na mwili."

Basi mwili.
Mbele, kichwa na kifua vimeungana, havidaiani mpaka.
Nyuma, tumbo, na moyo humo tumboni,
mrija tu, umelala chali chini ya mgongo.
Macho manane, mengine hayajui ila kivuli.
Mapafu kurasa kurasa, kama daftari lililolowa
(hapo nikacheka: mwalimu hakimbii madaftari)
na mkiani kabisa, vichuchu vya uzi.

Rafu ya juu ndugu zake: nge,
ukimmulika kwa taa ya zambarau anawaka kijani, mfu vile vile;
utitiri, vumbi lenye miguu;
kupe, ambaye kwetu ni tusi la wakubwa.
Wote ngeli moja.
Nikalitamka neno, ngeli, Bi Elspeth akaomba nirudie.
Nikamweleza kwamba sisi tunalo moja tu,
la wadudu na la nomino.

Usiku, ndani ya basi, nikajitungia ya kukariri:

*Miguu iwe minane, sita haitakufaa,*
*Mabawa usiyaone, hata ukiwasha taa,*
*Na kiuno kijibane, kisipobana, kataa,*
*Hapo jina ulinene, buibui humkaa.*

Alhamisi nikafika chupa ya mia mbili na sita.
Kibandiko, wino wa kahawia: *Buibui. Mombo, 1926.*
Mombo! Naijua stendi yake, naijua michungwa yake.
Nikaweka lenzi.
Miguu minane, ndiyo, mirefu kama mwandiko wa mgonjwa,
lakini mwili kidonge kimoja.
Kiuno hakuna.
Macho mawili tu, juu ya kichuguu cha mgongo,
walinzi wawili kwenye mnara mmoja.
Hana uzi. Hana sumu.
Karibu miaka mia amebeba jina la jirani
na hakuna aliyempigia hodi.

"Kwenu anaitwaje?" akauliza Bi Elspeth.
Nikampigia dada yangu Mwantumu, nikamwelezea mguu kwa mguu.
"Yule wa ukuta wa chooni? Mdudu."
Mdudu gani?
"Mdudu! Wewe umekwenda Ulaya kuuliza hayo?
Paa la jikoni linavuja, nilikwambia tangu Mfungo Tatu."

Darasani niliwahi kuandika ubaoni:
*buibui huyu, buibui hili.*
Nikitaka wataje tofauti. La mama lilining'inia msumarini
nyuma ya mlango, jeusi, likinuka udi na jasho la sokoni.
Semkiwa, mtoto mfupi wa dawati la mwisho, akasimama:
"Ukilivaa, hili. Akikupanda, huyu."
Nilimpa kumi juu ya kumi.

Sasa kibandiko kipya, kalamu nyembamba.
Bi Elspeth anataka Kiingereza, Kilatini,
na safu ya tatu, lugha ya alikotoka.
Mkono ukaandika wenyewe: *Huyu si buibui.*
Huyu.
Si hiki, si kitu hiki kilichomo chupani.
Nimewahi kusahihisha maelfu ya sentensi za misiba
wala sikumbuki mtoto hata mmoja
aliyemtoa maiti kwenye A-WA.

"Unanong'ona nini?"
"Nasahihisha."

Mahali pa jina nikaacha wazi,
nikatia nukta ya penseli, ya kufutika.
Kesho nimtumie Mwantumu hela ya bati,
nimuulize tena.