Rejista ya Uani

Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani na kanga mbili.
Mimi nikajipa, bila kuomba, rejista moja tupu
kutoka kabati la Darasa la Nne.
Mungu anisamehe.

Uani kwetu, Langoni, ni hatua kumi na moja kwa saba:
kuta za matumbawe pande tatu,
na mlango unaotazama kichochoro
ambacho punda wawili hawapishani.
Udongo wenyewe nusu mchanga, nusu vifusi vya chokaa
na vigae vya sahani za bibi wa bibi yangu.
Humo nikapanda darasa zima.

Jumatatu ya kwanza niliita majina.
Mchicha: wote wapo, wanabanana kama watoto wa chekechea.
Sukuma: kumi na wawili, masikio wazi.
Bamia: wanne kati ya kumi.
Nyanya: saba, wima, wa kutia moyo.
Mabiringani: hakuna hata mmoja. Sifuri, wino mwekundu.
Rihani: amechelewa, hana sababu.
Zinia, mbegu alizoniletea mjukuu wangu Twaiba
ndani ya kiberiti: watatu.
Asmini sikumwandika.
Alikuwepo kabla yangu, penye mfereji wa maji ya udhu,
mkavu kama ufagio wa msikiti.
Fundi Lali alishasema tumng'oe, anakula ukuta.

Februari kisima kikabadilika ladha.
Nikachovya kidole: mchuzi uliotiwa chumvi
na watu wawili wasioambiana.
Mchicha ukaungua kingo, rihani akaacha shule.
Nyanya lakini zikazaa! Nikapiga picha,
nikamtumia dada yangu, Faza, na maneno ya majivuno.
Jioni nikazigeuza.
Zimeoza kitako. Zote.
Nyuso nyekundu za Idi, chini weusi wa sufuria.
Nimefundisha watoto wa namna hiyo
wala sikuwahi kuwainulia fimbo.
Nyanya nilizipiga teke.

Kisha ile asubuhi ya mlango.
Saruji, punda wa Bwana Famau, aliingia peke yake,
akawamaliza sukuma wote kumi na wawili
kwa utaratibu, mstari kwa mstari,
kama mkaguzi wa wilaya.
Watu niliwaambia Twaiba hakukomea.
Mlango niliuacha mimi. Hapa nakiri.

Famau akaja na magunia mawili ya samadi.
"Amevirudisha, Mwalimu," akasema,
"ila amevisaga."

Na kutoka samadi hiyo akachomoza boga
ambaye hakuna aliyemsajili.
Akapanda ukuta, akavuka,
akazaa upande wa pili, juu ya banda la kuku la Bi Somoe,
tunda moja, kubwa kuliko kichwa cha Famau.
Mwanafunzi wangu kafanyia mtihani shule ya jirani.
Somoe akalipika kwa nazi na iliki
akanipelekea bakuli. Nikala nimenuna.
Nikarudisha bakuli tupu, nikaomba tena.

Zinia: mmoja alikufa, mmoja aliliwa na konokono,
wa tatu Twaiba alimkata akampelekea mwalimu wake.
Kwa heshima ya cheo, sikusema kitu.

Jana usiku stima ilikatika.
Nilitoka kutafuta upepo, nikakuta harufu
imekaa kwenye kizingiti kama mgeni aliyebisha hodi kitambo
na watu ndani hawamsikii.
Niliwasha tochi ya simu.
Ufagio ulikuwa mweupe kuanzia juu hadi mferejini.
Mwaka mzima akinywa maji ya birika la mvua,
yaliyokwisha pita mikononi, usoni, miguuni pangu,
mara tano kwa siku,
nami nikimpa mgongo nikimwagilia wengine chumvi.

Nikafungua ukurasa wa mwisho.
Jina: Asmini.
Siku alizohudhuria:

Hapo kalamu ilisita.
Sikujua nihesabu kuanzia lini.