Stolpe, Namba Arobaini na Moja

Shangazi Hillevi alinirithisha sanduku la baharia,
mbao zimelika na chumvi, bawaba zimeshikwa na kutu,
na kifunikoni herufi mbili zilizochongwa kwa kisu: P.S.
"Huyu ndiye," alisema, "Per Stolpe, babu wa mababu zetu.
Mlingoti ulimwangukia vitani,
wakamkuta mkono bado umeshika kamba."
Kamba ile naijua tangu utotoni.
Haikupita Krismasi bila kuongezwa fundo.

Nikapanda treni kwenda Karlskrona, mwezi wa Februari,
bahari imeganda ukingoni kama uji uliosahauliwa.
Chumba cha nyaraka kina joto, kinanuka gundi.
Bwana Torkel akaninyang'anya kalamu ya wino, akanipa penseli,
kisha daftari la mabaharia wa wilaya yetu,
nikalibeba kama mtoto wa watu.

Nilianza na manowari, maana jina lake nalijua: Tärnan,
mizinga sitini, mlingoti wa mbele uliobadilishwa mara mbili.
(Hapo moyo ulinidunda. Mlingoti!)
Nikafuata mishahara, viatu, viboko, mgao wa mbaazi.
Na mwandiko ule! Karani wa enzi hizo
aliandika kama mtu anayekimbizwa na baridi.
Siku nzima niliipoteza kwenye neno moja
nikidhani ni vita; kumbe ni homa.

Homa. Septemba, manowari imetia nanga bandarini,
adui haijamwona hata kwa darubini.
Per Stolpe, miaka ishirini na sita, hana mtoto.
Vilivyorudishwa: koti moja, suruali moja.
Blanketi halikuonekana.
Kamba haikutajwa.

Na chini yake, kwa wino mweusi zaidi, Desemba ileile:
Stolpe, namba arobaini na moja. Mzima. Yuko kazini.
Nikamwita Torkel. "Maiti wangu amefufuka."
Akacheka bila sauti, kicheko cha watu wa nyaraka.
"Stolpe si mtu," akasema, "Stolpe ni nafasi.
Kila kibanda cha baharia kilikuwa na jina lake.
Aliyeingia alilivaa,
aliyekufa aliliacha msumarini, pamoja na koti."

Aliyelivaa: Måns Håkansson, mtoto wa mfinyanzi,
kimo cha wastani, kidole gumba cha kushoto hana.
Akapewa kibanda, kishamba cha kabichi, koti lililofuliwa,
na, kitabu cha kanisa kinaongeza bila kupepesa,
mjane, Kerstin, Jumapili ya tatu baada ya Pasaka.
Mwaka uliofuata akazaliwa Elna,
na kwa Elna tumetoka sisi sote, pua zetu na deni zetu.

Usiku, hotelini, nikachora upya shajara ya ukoo.
Måns nikampa shina.
Per nikashindwa kumfuta.
Nikamwandika pembeni, peke yake, bila tawi,
karibu na Kerstin, lakini si karibu mno.
Sanduku ni lake. Måns alilitumia miaka thelathini
wala hakuzigusa herufi zile.

Nikampigia simu Shangazi, nikamweleza yote:
homa, koti, msumari, mjane.
Akanyamaza muda mrefu, nikasikia birika lake likichemka.
Kisha akauliza, polepole,
"Na hicho kidole gumba…
alikipotezea vita gani?"