Noti Yenye Kidonda

Meza yangu iko Nyawera,
chini ya mwavuli wa kampuni ya simu
ambao upepo wa ziwa umeuvunja mbavu mbili.
Dola naigeuza franka, franka naigeuza dola.

Noti nazijua kwa pua.
Hii imelala kifuani mwa muuza sambaza.
Ile imetoka mgodini, vumbi lake linawasha vidole.
Ile nyingine haijaonja jasho, inanuka kabati.
Na salamu nazijua pia:
Cirhuza aliposhuka toka Kamituga, buti zimejaa udongo,
aliambiwa, "We kijana, sogea huko."
Wiki mbili baadaye, buti zilezile,
udongo uleule,
mtaa mzima ukamkumbuka babu yake kwa jina.

Jumanne Nsimire aliniletea kumi.
Dola kumi, na mpasuko pembeni
mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Nikamwambia, "Mama, hii ina kidonda."
Akaipeleka kwa muuza unga: haiendi.
Duka la dawa: haiendi.
Shuleni, mhasibu akaiinua juani
kama daktari anayetazama picha ya mapafu,
akamrudishia,
pamoja na mtoto.

Franka zina ruhusa ya kuzeeka.
Zinatoka nyuzi, zinagandishwa kwa utepe,
zinapoteza hata sura, na bado zinanunua muhogo.
Dola haina ruhusa ya kuumia.

Ijumaa akafa Papa Zihindula, fundi viatu wa Kadutu.
Kila mmoja wetu alikuwa akimdai.
Kwenye kilio beseni likazunguka,
kijana mwenye daftari akafuata nyuma,
kipaza sauti kikataja:
fulani, franka elfu mbili,
fulani, mkaa nusu gunia,
fulani (sauti ikashuka), pole nyingi.
Kisha: "Mama Nsimire! Dola kumi!"

Vichwa vikageuka.
Alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu mchana.
Kikatokea kiti cha plastiki,
kikatokea kikombe cha chai, na mkate juu ya kisahani,
na mke wa mwenye nyumba za kupanga
akamwita dada.
Hakuna aliyeiinua noti juani.
Nani atamkagulia marehemu pesa?
Mimi niliiona ikipita. Nikainamisha macho kama wafiwa.

Jumatatu mjane akaja mezani na beseni lake.
Nikahesabu, nikapanga, nikafika kwenye ile kumi.
Akanitazama.
Nikamlipa franka zote, sikupunguza hata moja,
naye akanibariki mimi na uzao wangu,
baraka ndefu, mpaka wateja wakanuna.

Msinisifu.
Noti iko chini ya kitambaa cha meza, nimeilaza chali,
nimeikanda kidonda kwa kidole gumba.
Haiendi kwa muuza unga, wala shuleni.
Lakini Kadutu haikosi msiba,
na jina langu, tangu nihamie hapa,
halijasomwa hata mara moja kwenye kipaza sauti.