Daftari la Zilizooza

Lori limetoka Makambako, limelala Songea,
limeamkia Tunduru, sasa limefika Masasi,
na nyanya zinashuka zikitoka jasho.
Matenga arobaini. Naandika arobaini.
Halafu Mjomba Fakihi ananyoosha kidole kwenye safu ya pili,
ile tuliyoichora kwa kalamu nyekundu, haina jina,
nami naandika sita kabla hata ya kufungua.
Tunayazika mapema, kama anayechimba kaburi
mgonjwa angali anakunywa uji.

Mchawi ni lumbesa. Tenga hujazwa hadi livae kilemba,
kilemba kikafungwa kwa majani na kamba,
kikawakalia wa chini siku mbili, matuta yote.
Mwenye genge anaona kilemba, analipia kitako.

Nilimwambia: jioni tushushe bei.
Akacheka. "Bei ikikaa chini imekaa, Asumini.
Kesho utaiinua peke yako."

Ndiyo maana tunamwaga. Nyuma ya choo cha soko,
ndoo juu ya ndoo, nyanya zilizobabuka shavu moja tu,
la pili lingali linameremeta.
Ushuru tumeshalipa, wa matenga yote arobaini.
Kunguru wanaijua ratiba yetu kuliko mkusanya ushuru.

Jumanne Mjomba alikwenda msibani Ndanda.
Saa kumi na moja jioni nikapindua kila tenga juu ya turubai,
nikachambua: ngumu huku, za kesho hapa,
za leo leo pale.
Zilizooza kweli, za maji na funza,
hazikujaza ndoo mbili.

Sasa yale matenga sita ya kalamu nyekundu yalikuwa nini?
Miaka mitano naandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Nikamwita Somoe wa chapati, naye akamwita Bi Nantende wa mihogo.
Sado kwa elfu moja, ya kupika usiku huu, usiilaze.
Wakaja na masufuria na maneno: "Leo umeota nini?"
Mmoja alinusa, akarudisha mbili, nikambadilishia.
Vijana wa kupakua walijaza kofia zao.
Nikabaki na ndoo mbili za kumwaga
na elfu thelathini na nane ndani ya kanga.

Mjomba amerudi. Amezihesabu mara mbili,
amenyamaza, amevua kofia, ameivaa tena.
"Na wakizoea kungoja jioni,
asubuhi atanunua nani?"

Sina jibu. Kweli sina.
Leo asubuhi wawili walipita bila kugusa kitu,
wakauliza tu, "Za jioni saa ngapi?"

Lakini safu nyekundu nimeiacha tupu
mpaka tenga la mwisho lifunguliwe,
na kule ukutani, nyuma ya choo,
kunguru kumi na watatu wamejipanga
wananitazama
kama watu wanaonidai.