Sura ya Nne

Nilimchorea vigae miaka kumi na minne
kule Pécs, chini ya mlima wa Mecsek.
Profesa Dezső Harkányi, mchungaji asiye na kanisa,
alipiga magoti shimoni kuliko madhabahuni.
Suruali zake zilichakaa palepale, magotini,
hata mkewe Etelka akachoka kutia viraka.

Kabla sijamjua aliandika kitabu cha ufufuo,
kurasa mia nne, tanbihi kama siafu.
Wanafunzi walikiogopa Kigiriki chake.
Kisha serikali ikafunga kitivo,
ikamwachia ghala la makumbusho, taa moja,
na masanduku ya vigae visivyooshwa tangu vita.
Hakulalama.
"Hata Paulo alishona mahema," alisema,
akapuliza vumbi.

Aprili, milozi ikitoa maua,
Bertalan, mchimba makaa mstaafu,
aligonga tofali la Kirumi, akainua mkono
kama walivyofanya mgodini. Tukanyamaza.
Mlio ulikuwa wa utupu.

Tulitarajia askofu.
Tulitarajia njiwa ukutani, msalaba, herufi za Kristo.
Profesa alikwisha kuvaa tai.

Ndani, mtoto.
Amelala kiubavu, kichwa hakikuelekea popote pa maana.
Hana jina, hana taa.
Karibu na kinywa, filimbi ya mfupa wa bata bukini,
tundu la tatu limeanzwa tu kutobolewa.

Bertalan akavua kofia.
Mimi nilikuwa na fomu, na fomu ilitaka jibu:
Mkristo au mpagani?
Profesa alininyang'anya kalamu.
Umri: sita, labda saba.
Penye imani akapiga mstari.
Chini yake: *Filimbi. Haijakamilika.*
Akatoka kwenda kunawa, akakawia.

Habari za Ilka sikuzijua bado.
Etelka alinisimulia tulipokwisha kumzika Profesa,
akimenya viazi, bila kunitazama:
binti yao, homa, baridi ya mwaka wa vita.
Ardhi iliganda, sululu zikadunda,
jeneza likangoja siku tisa kwenye kibanda cha kuni.
"Alihamishia meza humo," alisema.
"Sura ya nne aliiandika humo."

Leo nimeifungua nakala yake.
Hoja zimesimama wima, Kigiriki hakina doa,
mitume wote wameitwa kutoa ushahidi.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili, pembeni,
kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka,
neno moja:
*baridi*.